Uzi maalumu: Mazoezi na fiziotherapia kwa wenye viungo vinavyolegea kupita kiasi

#1 Mwanzisha uzi

Salamu kwenu nyote.

Nimeishi na viungo vinavyolegea kupita kiasi tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa ya maumivu yangu ni kujinyoosha. Kila asubuhi niliinama hadi viganja vikalala sakafuni, nikavuta mapaja, nikazungusha shingo mpaka ikalia, na kwa muda mfupi nilipata nafuu ya kweli; ikifika jioni, misuli ilikuwa imekaza kuliko siku iliyotangulia. Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa fiziotherapia ambaye siku ya kwanza hakunipa zoezi hata moja. Aliniketisha kitini, akaniambia nifumbe macho, akakikunja kiwiko changu cha kushoto kiasi fulani, kisha akanitaka nikikunje cha kulia kiasi hicho hicho. Nilipofumbua macho, mikono ilikuwa imepishana kwa upana wa kiganja kizima, ilhali mimi ningeweza kuapa kwamba imelingana.

Jaribio hilo ndilo kiini cha uzi huu. Kiungo kilicholegea hupungukiwa nguvu, lakini hupungukiwa pia taarifa: ubongo haupati habari sahihi za mahali kilipo, hivyo misuli huchelewa kukidaka kinapokwenda upande. Mazoezi yanayofaa ni yale yanayoufundisha mwili kwanza katikati ya kiungo ni wapi, ndipo yaijengee misuli uwezo wa kukishikilia hapo. Anayeanza na mzigo kabla ya kuijua katikati hujiumiza, na anayeijua katikati lakini asithubutu kamwe kuongeza mzigo hubaki dhaifu. Nimeyafanya makosa yote mawili.

Kuhusu ugonjwa wenyewe nitasema machache. Kulegea kwa viungo peke yake si maradhi. Watoto wamelegea kuliko watu wazima, wanawake kuliko wanaume, na wapo wacheza dansi na wanasarakasi wengi ambao viungo vyao vinapinda ajabu na hawaumwi popote. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Beighton chenye alama 9: alama moja kwa kila kidole kidogo cha mkono kinachorudi nyuma kupita nyuzi 90, moja kwa kila kidole gumba kinachofika kwenye kigasha, moja kwa kila kiwiko na kila goti linalopinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, na moja ya mwisho kwa anayeweza kulaza viganja sakafuni bila kukunja magoti. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017, alama 5 au zaidi zinahesabika kuwa ulegevu wa mwili mzima kwa mtu aliyebalehe hadi umri wa miaka 50, alama 4 kwa aliyepita umri huo, na alama 6 kwa mtoto ambaye hajabalehe. Alama hizo huonyesha ulegevu tu. Maradhi hutambuliwa pale ulegevu unapoambatana na maumivu ya muda mrefu, kuteguka kwa mara kwa mara na dalili nyingine ambazo daktari huzipima.

Vigezo hivyo vya 2017 viliutenga ugonjwa wa Ehlers-Danlos, yaani ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia viungo, katika aina 13. Aina iliyoenea zaidi, ile ya ulegevu wa viungo, haikuwa na kipimo cha jeni na ilitambuliwa kwa historia ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili. Wenye matatizo ya ulegevu wasiotimiza vigezo vyake huwekwa katika kundi la jumla la matatizo ya ulegevu wa viungo. Kwa upande wa mazoezi, makundi haya mawili hushughulikiwa kwa njia ile ile. Aina ya Ehlers-Danlos inayoshika mishipa ya damu ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu mishipa mikubwa inaweza kupasuka, na ugonjwa wa Marfan, ambao nao ni wa kurithi wa tishu hizo, unaweza kuutanua mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mtu mwenye mojawapo ya hayo, au ambaye katika ukoo wake kuna aliyefariki ghafla kwa kupasuka mshipa, asifuate ninayoyaandika hapa kabla ya kuchunguzwa na daktari wa moyo na mishipa, kwa sababu kunyanyua vitu vizito kwa kuzuia pumzi na michezo ya kugongana vinaweza kumgharimu maisha.

Sasa nirudi kwenye misuli inayokaza, kwani hapa ndipo wengi tunapopotea. Ligamenti, yaani ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa, isipoweza kukishikilia kiungo, misuli iliyo jirani hulazimika kufanya kazi ya ulinzi saa zote, hata tukiwa tumeketi, na kazi hiyo isiyokoma ndiyo tunayoihisi kama ukakamavu. Mtu akiinyoosha misuli hiyo kwa nguvu, anamwondoa mlinzi mlangoni, na mara nyingi kinachonyooka zaidi si msuli bali ni ligamenti ile ile iliyokwisha kulegea. Mimi nilipouacha mtindo wa kuvuta mapaja na kuanza kuimarisha misuli ya matako na tumbo la ndani, ukakamavu wa nyuma ya mapaja ulipungua wenyewe, jambo ambalo miaka kumi ya kujinyoosha haikuwahi kulifanya.

Nitaeleza zoezi moja kwa ukaribu, la goti, kwa kuwa lina mafunzo yote ndani yake. Simama ubavu kwa kioo, ukiwa umevaa kaptula. Wengi wetu tukisimama bila kufikiri, goti hurudi nyuma likajifunga, na ukitazama kutoka ubavuni mguu unakuwa kama upinde. Tunakuwa tumeuegemea mfupa na ligamenti huku misuli ya paja imelala kabisa, kiasi kwamba ukishika kilegesambwa kwa vidole viwili unaweza kukisogeza huku na huku. Sasa lilegeze goti kidogo sana, kiasi cha kuingiza karatasi tu, mpaka nyonga, goti na kifundo cha mguu vikae katika mstari mmoja. Kilegesambwa kitatulia na utahisi paja likiamka. Hapo ndipo katikati. Kwa wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kusimama hivyo kwa sekunde 10, mara tano, kila nilipokuwa napiga mswaki, kwanza nikitazama kioo, halafu bila kioo, halafu macho yakiwa yamefumbwa na mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta. Ilionekana kazi ndogo mno, lakini siku ya tatu mapaja yalikuwa yakiniuma kama mtu aliyepanda mlima.

Baada ya hapo kilikuja kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya goti nikiwa nimelala chali, nikilikaza paja bila kuusogeza mguu, kisha kuchuchumaa kidogo huku mgongo ukiteleza ukutani, kisha kuinuka kitini bila kutumia mikono, na miezi kadhaa baadaye kupanda ngazi nikiwa nimebeba uzito mkononi. Mpangilio huu una sababu zake. Kukaza msuli bila kiungo kusogea humpa anayeanza nguvu bila hatari ya kuteguka, na mazoezi ambayo unyayo au kiganja kimegusa kitu imara huleta taarifa nyingi zaidi kwenye ubongo kuliko yale ambayo mguu au mkono unaning'inia hewani.

Bega ni gumu kuliko goti kwa sababu kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kibakuli chenye kina kidogo sana, na kinachokizuia kisitoke ni misuli zaidi ya mfupa. Nilianza kwa kusimama karibu na ukuta na kuusukuma kwa kiganja huku bapa la bega likiwa limetulia mgongoni, nikaendelea na mpira wa mazoezi wa kuvuta, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni. Kwa muda mrefu nilidhani hapo ndipo mwisho, kwamba watu wa aina yetu hatuna ruhusa ya kubeba vizito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Denmaki ulinibadilisha mawazo. Watu wazima 100 wenye mabega yaliyolegea na yenye maumivu au kuyumba waligawanywa kwa kura katika makundi mawili kwa wiki 16, kundi moja likifanya mazoezi ya mzigo mwepesi na jingine ya mzigo mzito ulioongezwa hatua kwa hatua chini ya usimamizi. Waliobeba mizigo mizito walieleza kuwa wanayatumia mabega yao vizuri zaidi, ingawa walipata kwa wingi zaidi maumivu madogo ya misuli na ya kichwa yaliyopita baada ya muda. Kwa hiyo mzigo tunauhitaji, ila uje baada ya kiungo kujua mahali pake, na uje kwa usimamizi.

Kipimo ninachokitumia cha kujua kama nimezidisha ni cha saa 24. Maumivu ya misuli yanayotulia ndani ya siku moja nayakubali. Maumivu ya ndani ya kiungo, uvimbe, au uchovu unaoendelea hadi keshokutwa huniambia nirudi nyuma hatua moja, si kuacha kabisa. Kuacha kabisa kumenidhuru kuliko kuzidisha. Nilikuwa na desturi ya kufanya kazi za wiki nzima siku ambayo najisikia vizuri, kisha nalala siku nne, na kila mzunguko wa namna hiyo uliniacha dhaifu kuliko mwanzo. Sasa siku nzuri nafanya kiasi kile kile nilichopanga, na siku mbaya nafanya nusu yake au ninakaza misuli kitandani tu.

Mwisho kwa leo, unapokwenda kwa mtaalamu mweleze mapema kwamba viungo vyako vimelegea, na usikubali shingo yako ivutwe au igeuzwe ghafla kwa kishindo. Ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, ukashindwa kuzuia au kutoa haja, au miguu na mikono ikipoteza nguvu ghafla, hayo hayasubiri miadi ya mazoezi. Nenda kwenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo haya. Mimi ni mama wa binti wa miaka tisa ambaye amepata alama 7 kati ya 9. Anapenda sarakasi kupita kitu chochote, na mwalimu wake humsifu kwa jinsi anavyopasua msamba bila shida. Amekwisha teguka kifundo cha mguu mara tatu mwaka huu, na jioni hulia kwa maumivu ya magoti. Je, nimwachishe?

#3 Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole na wewe na binti. Uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu atakayemwona, lakini nisingeanza kwa kumwachisha, kwa sababu mtoto aliyeondolewa kwenye mchezo anaoupenda huketi, na misuli iliyoketi haimlindi. Ningezungumza na mwalimu ili binti asitumiwe kuwaonyesha wenzake mikao ya mwisho ya viungo, asisukumwe wala kukaliwa mgongoni ili apasue zaidi, na sehemu ya muda wake wa mazoezi igeuzwe kuwa ya nguvu: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kimya magoti yakiwa yamekunjwa, kutembea kwa vidole. Kutua kimya ni zoezi ambalo watoto hulipenda, kwani hugeuka kuwa mchezo wa nani hasikiki.

Nisikutie hofu kwamba kila mara goti linapopita mstari linaharibika. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Australia juu ya watoto wenye ulegevu na maumivu ya magoti, ambapo baadhi walifanya mazoezi wakiishia pale mguu unaponyooka na wengine waliendelea hadi kwenye upinde wao wa nyuma kwa kuudhibiti. Maumivu yalipungua katika makundi yote mawili. Kwa jinsi ninavyoelewa, kinachomwumiza mtoto ni kufika kule mwisho misuli ikiwa imelala. Kifundo kilichoteguka mara tatu kwa mwaka kinahitaji programu yake maalumu, kwa hiyo hilo lipelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa.

#4 Mchangiaji

Kwa heshima zote, mimi ni mwalimu wa mazoezi kwa miaka mingi na sikubaliani na kauli kwamba kujinyoosha ni hatari. Mwili wa binadamu unahitaji kunyumbuka, na wateja wangu wote huanza na kumaliza kwa kujinyoosha. Tusije tukawaogopesha watu wakaacha desturi njema.

#5 Mwanzisha uzi

Mwalimu, nashukuru kwa pingamizi lako, na ninaamini wateja wako wengi wananufaika. Ninayoyasema yanamhusu mtu ambaye kiungo chake kimekwisha pita mpaka wa kawaida. Huyu naye anaweza kuwa na msuli mfupi kweli, kwa mfano misuli ya kifuani kwa anayeinama siku nzima au ya nyuma ya ugoko, na mtaalamu anaweza kumpa mnyoosho mpole unaoishia katikati ya safari, pakiwa pameshikiliwa vizuri pande nyingine zote. Ninachokiomba kwako ni kimoja: akija mteja ambaye anainama akalaza viganja sakafuni siku ya kwanza huku akilalamika kwamba mgongo umekaza, usimwongezee mnyoosho. Mfumbe macho, mwambie asimame kwa mguu mmoja, na utazame jinsi kifundo kinavyotapatapa. Hapo utajua anachokihitaji.

#6 Mchangiaji

Mimi tatizo langu si viungo peke yake. Nikisimama ghafla moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza, na nikijaribu kutembea kwa kasi au kufanya mazoezi ya kusimama nalazimika kuketi. Nimeambiwa nifanye mazoezi, lakini nitayafanyaje wakati siwezi kusimama?

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwanza hakikisha umepimwa. Katika watu wenye ulegevu wa viungo wapo wengi ambao mapigo ya moyo huongezeka kupita kiasi wanaposimama. Kwa mtu mzima kigezo ni ongezeko la mapigo 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama, bila shinikizo la damu kushuka sana, na kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 19 ni mapigo 40. Lakini upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na dawa fulani huweza kuleta dalili zinazofanana, na hayo yana tiba zake.

Ukiwa umethibitishwa, mazoezi huanzia chini kwa maana halisi ya neno. Kulala chali na kuinua nyonga, kusukuma unyayo dhidi ya mpira, baiskeli ya kuegemea ambayo miguu iko mbele, mashine ya kupiga makasia, kuogelea: yote hayo yanaufanyisha moyo kazi bila damu kuteremka miguuni. Anza hata na dakika tano, ongeza dakika moja moja, na usikimbilie kusimama kabla ya wiki nyingi kupita. Maji ya kunywa na chumvi ya ziada husaidia wengi, ila chumvi uipate kwa maelekezo ya daktari, hasa ukiwa na shinikizo la juu au ugonjwa wa figo.

Bwawa lina faida mbili kwako. Maji yakifika kifuani, miguu hubeba kama theluthi tu ya uzito wa mwili, na wakati huo huo mgandamizo wa maji huirudisha damu juu. Jihadhari na maji ya moto sana, kwani joto hutanua mishipa na kukurudisha kwenye kizunguzungu, na unapotoka bwawani keti kwanza ukingoni. Ndani ya maji pia ni rahisi kuupeleka mkono mbali kupita kawaida bila kuhisi, kwa hiyo harakati ziwe fupi na za polepole.

#8 Mchangiaji

Vipi kuhusu mikanda ya magoti na vishikizo vya vidole? Nimesikia kwamba ukivivaa misuli inadhoofika. Naomba pia kujua, ilikuchukua muda gani kuona tofauti?

#9 Mwanzisha uzi

Kishikizo kinachovaliwa kwa kazi maalumu hakijawahi kunidhoofisha. Ninapoandika kwa muda mrefu navaa vipete vinavyozuia vidole visipinde kinyume, na kalamu yangu nimeinenepesha kwa kuizungushia sponji, kwa sababu kalamu nyembamba huvilazimisha vidole kubana hadi viungo vijifunge. Mkanda wa goti nauvaa safari ndefu na siku chache baada ya kuteguka, halafu nauvua. Kuuvaa asubuhi hadi usiku kwa miezi bila zoezi lolote ndiko kunakoleta udhaifu huo uliousikia. Nguo inayobana mwili kidogo, au utepe uliobandikwa na mtaalamu kwenye bega, husaidia kwa namna nyingine: ngozi ikivutwa hukukumbusha kiungo kiko wapi.

Kuhusu muda, wiki sita za kwanza niliona mabadiliko kwenye usawa tu. Nilisimama kwa mguu mmoja bila kutapatapa, lakini maumivu yalikuwa yale yale, na hapo ndipo nilipokaribia kuacha. Mwezi wa nne nilipanda ngazi bila kushika ukuta. Kuteguka kwa bega, ambako kulikuwa kwa kila wiki, kulipungua hadi mara moja kwa miezi miwili au mitatu kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Mtaalamu alirudia lile jaribio la viwiko, na mikono ilipishana kwa upana wa vidole viwili. Shingo ndiyo iliyo nyuma kuliko vyote. Hadi leo zoezi lake ni kukaza misuli ya mbele ya shingo kwa sekunde chache nikiwa nimelala chali, kidevu kikiingia ndani kama mtu anayekubali jambo, na mzigo wowote wa ziada wa shingo siugusi bila yeye kuwepo.